Barua ya wazi kwa wanaopitisha dawa za presha: kabla hamjagonga muhuri, ulizeni ni panya gani

Kwa TMDA mnaosajili dawa, kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kamati yenu ya maadili ya utafiti, kwa Wizara ya Afya, na kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala (nyie najua mtasema hii barua imepotea njia, haijapotea).

Shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Ujiji. Mimi ni nesi mstaafu, miaka yangu ya kazi imeishia humuhumu mkoa wa Kigoma, wodini, zahanati, kliniki za presha na sukari, na sasa hivi nipo upande wa pili wa meza, nakaa benchi na kadi yangu mkononi kama wengine maana presha nayo haikuniacha. Kwahiyo ninachosema hapa nakisema kwa macho yote mawili, la nesi na la mgonjwa, na kama kuna sehemu maneno yatakuwa makali mtaniwia radhi, tunaheshimiana.

Kilichoniwasha ni hizi habari za dawa mpya. Siku hizi kila mtu ana simu na kila simu ina klipu, iwe sokoni Mwanga, iwe mwaloni Kibirizi, iwe kwenye foleni ya kliniki, utasikia tu dawa mpya ya presha imepatikana, imejaribiwa kwa panya wenye presha, panya wamepona kabisa. Mwingine anakwambia ni sindano, unachoma mara mbili kwa mwaka basi vidonge kwaheri. Mwingine anauza unga wa mlonge kwenye kichupa na yeye imethibitishwa maabara, ukimbana maabara gani anakwambia "walijaribu kwa panya mama yangu, ikashuka". Na madhara yake yanafikaga benchi. Kuna mama mmoja tunakaa nae kwenye foleni, mtu mzima, kaacha amlodipine zake eti anasubiri hiyo mpya, nesi anamuuliza mama mbona hujala dawa anajibu "si mmesema mwanangu inakuja nyingine", presha siku hiyo 190 kwa 110. Hakuna mtu wa serikali aliyemwambia hivyo. Lakini pia hakuna aliyemwambia vinginevyo, na hapo ndo naanzia.

Mi sina ugomvi na kujaribu dawa kwa wanyama, niliseme mapema ili msinipange na watu ambao sio wenzangu. Bila wanyama leo tusingekuwa na karibu chochote kwenye kabati la presha. Mwaka 1934 kule Cleveland, Marekani, daktari mmoja anaitwa Harry Goldblatt aliwafungua mbwa akawabana mshipa unaopeleka damu kwenye figo kwa kibano kidogo cha fedha, presha ikapanda ikabaki juu, na kutokea hapo ndo watu wakaanza kuelewa kwamba figo ikikosa damu inatoa kitu kinachopandisha presha, renini, na baadaye ikajulikana renini inaleta angiotensini inayobana mishipa mwili mzima. Miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira akakuta kwenye sumu ya nyoka wa kwao, jararaka, kuna kitu kinachozuia kimeng'enya kinachotengeneza hiyo angiotensini. Wakina Cushman na Ondetti wa kampani ya Squibb wakatumia hiyo njia wakatengeneza captopril, ikapitishwa Marekani 1981. Ukiona mgonjwa wa moyo leo anatembea mwenyewe kutoka stendi mpaka wodini, kuna mbwa na nyoka na panya kibao nyuma yake. Hilo silipingi na sitaki mtu alipinge kwa niaba yangu.

Ninachotaka mimi ni kitu kimoja tu. Mtu akileta makaratasi mezani kwenu kwamba dawa yake imeshusha presha kwa panya, msiishie kuuliza imeshusha kiasi gani. Muulizeni panya gani, na huyo panya aliulizwa nini. Maana panya anajibu alichoulizwa, basi, hajibu zaidi ya hapo.

Nieleze kidogo maana najua wengine mtakaosoma hii sio watu wa maabara, na mimi mwenyewe nimejifunza kwa kusoma tu baada ya kustaafu, muda ninao.

Panya anayetumika sana kwenye mambo ya presha ana kwao, ni Kyoto, Japani. Mwaka 1963 watafiti wawili, Okamoto na Aoki, walitoa ripoti ya panya ambao presha inawapanda wenyewe bila kubanwa mshipa wala kupewa kitu. Walichofanya ni kuchagua. Walipata dume mwenye presha ya juu, wakamkutanisha na jike ambae yake imepanda kidogo, kwenye watoto wakachagua tena wenye presha, wakawazalisha ndugu kwa ndugu, vizazi kwa vizazi, mpaka ukapatikana ukoo ambao kila anayezaliwa lazima apande. Kwa kifupi wanaitwa SHR. Mtoto wa SHR akifika wiki 4 mpaka 6 presha inaanza kupanda, akiwa mkubwa namba ya juu inacheza 180 mpaka 200 wakati panya wa kawaida yupo kwenye 120 na ushee. Ni panya mzuri sana kwa kazi, wanafanana wote, hawakuchanganyi, na dawa za jamii ya captopril zinamshusha vizuri kabisa.

Sasa kuna panya mwingine. Miaka hiyohiyo ya mwanzoni mwa 1960, Lewis Dahl wa maabara ya Brookhaven huko New York aliwalisha panya chumvi nyingi, akaona wengine presha inapanda balaa na wengine wala haisogei, akawatenganisha koo mbili, wanaoumizwa na chumvi na wasioumizwa. Huyu wa kuumizwa ukimpa chakula chenye chumvi asilimia 8 presha inapanda, figo zinaharibika, renini yake inakuwa chini kabisa. Na huyu akiwa kwenye chumvi yake, dawa ya jamii ya captopril peke yake haimfanyii maajabu, kwa sababu hiyo dawa inazima moto wa renini na renini yenyewe ilishazima zamani.

Mnaona ninakoelekea. Sisi watu weusi wenye presha, sio wote lakini wengi, tumepimwa tumekutwa renini ipo chini na mwili unashikilia chumvi. Hii sio hadithi ya vijiweni. Utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa ALLHAT, ulitoka 2002, watu zaidi ya 33,000, na karibu theluthi yao weusi, ulionyesha kwamba kwa watu weusi waliopewa lisinopril, ndugu yake captopril, kiharusi kilikuwa kingi kwa kama asilimia 40 kuliko waliopewa dawa ya kukojoza ya bei rahisi, chlorthalidone. Kwa wasio weusi tofauti hiyo haikuonekana. Alafu 2019 ukatoka wa Afrika wenyewe, CREOLE, nchi 6, Kenya na Uganda majirani zetu zimo, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini, wagonjwa 728, ukaonyesha mchanganyiko wenye amlodipine unashusha vizuri kuliko mchanganyiko wa perindopril, nayo ya jamii ya captopril, na dawa ya kukojoza. Tanzania haimo. Nimeitafuta sana hiyo orodha nikidhani nimesoma vibaya.

Kwahiyo mtu akileta dawa imejaribiwa kwa panya wa Kyoto peke yake, anatuletea jibu la swali la watu wengine. Mimi naishi mkoa wenye Uvinza. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwenye zile chemchem na kubebwa na misafara toka karne ya 19 na nyuma ya hapo, watu wa huku chumvi wanaijua, samaki wa chumvi wanaijua, na mboga ya mawese ikipoa bila chumvi ya kutosha bwana mkubwa anasukuma sahani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Nyie mnaokujaga kwa semina hotelini pale juu ziwani, kula chakula cha jioni nyumba yoyote ya Ujiji alafu mniambie hiyo gramu 5 mmeipitia saa ngapi. Panya wetu sisi ni wa Dahl, au yule wanaomtoa figo moja na kumpa homoni na chumvi, sio wa Kyoto. Dawa ipimwe kwake pia kabla hamjatuambia imefanya vizuri.

Na msije mkasema basi tukiwa na panya wa kila aina tumemaliza kazi. Hapana. Kuna dawa iliitwa omapatrilat, ya Bristol-Myers Squibb, mwisho wa miaka ya 1990 watu walikuwa wanaisubiri kama mvua ya masika. Kwa panya ilikuwa haina mpinzani, wa renini ya juu ilimshusha, wa kati ilimshusha, wa chini yule wa chumvi nae ilimshusha. Ukisoma hapo tu unasema hii ndo yetu. Wakaipeleka kwa watu, utafiti unaitwa OCTAVE, wagonjwa zaidi ya 25,000, nusu wakapewa hiyo na nusu enalapril, ya jamii ya captopril. Presha ilishuka kweli. Lakini watu walianza kuvimba midomo, ulimi, koo, ile hali ambayo mtu anaweza kuziba pumzi mbele yako. Kwa wote waliopewa omapatrilat ilikuwa kama asilimia 2, wa enalapril haikufika asilimia 1. Kwa weusi peke yao ilizidi asilimia 5. Mwaka 2002 washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakaikataa na ikaishia hapo.

Mi nimewahi kuona mtu koo linaziba kwa dawa ya presha ya kawaida, sio hiyo. Ulimi unajaa mdomo, anaongea kama ana kitambaa kinywani, macho yanakutafuta, na wewe unatafuta adrenalini kwenye trei huku unajua kwa uvimbe wa aina hii hata hiyo adrenalini inaweza isikusaidie sana, unaombea pumzi ibaki na gari liwepo. Asilimia 5 kwenye karatasi ni namba ndogo. Kwenye kliniki ya wagonjwa 100 ni watu 5.

Na kinachonikera ni hiki. Baadaye watafiti walirudi kwa panya, safari hii hawakuangalia presha, waliangalia bomba la hewa, na wakaona maji yanavuja kwenye mishipa ya panya aliyepewa hiyo dawa. Jibu panya alikuwa nalo muda wote. Waliokuwa wanampima walikuwa wameshika mkia.

Nikisema mkia namaanisha mkia kweli. Hapa niwapeleke pole pole maana watu wa ofisini mnaletewaga grafu tu hamjui ilipotoka. Njia ya zamani na rahisi ya kumpima panya presha ni kumuingiza kwenye kibomba chembamba asiweze kugeuka, unampasha joto ili mshipa wa mkia ufunguke, unamvalisha kamkanda kadogo mkiani, unajaza upepo, unasoma. Panya ambae hajazoeshwa siku kadhaa anaogopa, anahangaika, na presha inapanda kwa uoga tu. Njia nzuri zaidi ni kumpandikiza kakifaa tumboni chenye mrija kwenye mshipa mkubwa, anarudi kwenye chumba chake anakula anazunguka, na redio inatuma presha yake usiku na mchana bila mtu kumgusa. Ni ghali. Ndo maana tafiti nyingi za bei rahisi, hasa za majani na mizizi, bado ni za mkia.

Tatizo liko wapi? Ukimpa panya mwenye uoga dawa ya kumlaza usingizi, presha ya mkiani inashuka. Utaandika imeshusha presha. Na hii ni kitu tunachokijua hata kwa watu, mgonjwa anashuka bodaboda, kapanda ngazi, hajakaa hata dakika, kanga inamdondoka, tunamfunga mkono juu ya nguo na kamkanda kadogo kuliko mkono wake, 170. Akipumzika dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini, kimya, unapata 145. Nimegombana na wanafunzi wa vitendo juu ya hilo mpaka wakanipa jina. Sasa kama kwa binadamu anayeweza kusema "nesi nimechoka" tunakosea, kwa panya kwenye kibomba je?

Reserpine ndo mfano wake. Ilitolewa kwenye mzizi wa rauwolfia wa India mwaka 1952, na ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, ulichimbwa sana ng'ambo ya ziwa hapo Kongo ukauzwa nje kwa ajili hiyohiyo. Ilishusha presha, ndio, na haohao wakaitumia kwa wagonjwa wa akili kuwatuliza. Sungura waliopewa walikuwa wanazubaa wamejikunja, ikafika mahali watafiti wakawa wanatumia wanyama waliopewa reserpine kama mfano wa sonona. Mnyama alishaonyesha, mwenye kuangalia aliona. Kwahiyo kwenye ile fomu yenu ongezeni mstari, mlimpima kwa mkia au kwa redio, na akiwa macho au amelala.

Kina mama sasa. Panya wanaotumika kwenye presha wengi ni madume. Sababu zao zipo, madume wa SHR wanapanda zaidi, na majike wanaambiwa homoni zinavuruga. Lakini kliniki zetu za presha mkiingia asubuhi mkahesabu vichwa, kanga ni nyingi kuliko mashati, na baadhi yao bado wanazaa, huku kwetu mtu wa miaka 38 mwenye presha kubeba mimba sio habari. Dawa za jamii ya captopril, na za jamii ya losartan, haziruhusiwi kwa mjamzito, zinamharibu mtoto figo. Na mwaka 1980, kabla captopril haijapitishwa, tayari kuna taarifa ilishachapishwa ya kondoo na sungura wenye mimba, watoto wanakufa tumboni. Tena hao wanyama waliulizwa swali kwa wakati. Nauliza, kwa dawa hizi mpya zinazokuja, mnyama mwenye mimba yuko kwenye hayo makaratasi? Na kama yumo, mtamwambia nani huku kwa Kiswahili?

Nije kwenye hiyo sindano maana watu ndo wanayoisubiri. Sio uongo, ipo, inaitwa zilebesiran, ya kampani ya Alnylam, inaenda kwenye ini inazima ule ujumbe wa kutengeneza angiotensinojeni, mzizi wa hiyo habari nzima ya renini. Matokeo ya 2023 yalionyesha dozi moja kubwa inashikilia presha chini mpaka wiki 24. Inapendeza, nani asiyetaka. Bado iko kwenye majaribio. Lakini muone na hapa habari ya panya ilivyo, hiyo dawa imeandikwa kufuata herufi za jeni ya binadamu, wazo hilo lilipojaribiwa kwa panya wa SHR ilibidi watengeneze nyingine inayofuata herufi za panya. Yaani panya aliyeshuka presha hakupewa dawa utakayochomwa wewe, alipewa ya kwake. Sio udanganyifu, ndo sayansi ilivyo, ila mtu anayesambaza klipu hasemi hivyo. Na baxdrostat nayo, ya kuzuia homoni ya chumvi, aldosteroni, ambayo matokeo yake kwa watu yametoka 2025 na mimi binafsi ndo naipa matumaini kwa watu kama sisi, vimeng'enya vya panya havifanani vya kutosha na vyetu, kuipima vizuri ilibidi waende kwa kima wa Asia.

Swali langu kwa sindano hiyo ni la mtu wa Kigoma. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kagunga, kipindupindu kikapiga, mnakumbuka, na kwa mkoa wetu kipindupindu sio mgeni wa mara moja. Mtu akiharisha maji yote, kinachomshikilia presha isianguke ni hiyohiyo angiotensini. Mtu wa vidonge unamwambia acha vidonge, kesho kutwa dawa imetoka mwilini. Mtu aliyechomwa ya miezi 6 unamwambia nini, akiwa kijiji cha ufukweni, boti ndo usafiri, dripu zimebaki 2? Kabla hamjaruhusu, takeni majibu ya mnyama aliyechomwa hiyo dawa alafu akanyimwa maji, akaharishwa, akatolewa damu. Na takeni waonyeshe njia ya kuizima. Hili sio swali la kuwazuia watu maendeleo, ni swali ambalo mtu wa Boston anaweza asilifikirie kwa sababu kwake gari la wagonjwa linafika kwa dakika.

Baraza la Tiba Asili, zamu yenu. Mi natumia miti, bibi yangu alikuwa mganga wa mizizi, sidharau. Lakini hili neno "imethibitishwa" kwenye redio na kwenye vichupa mlisimamie. Tafiti nyingi za majani kwa panya zinatoa dozi kama miligramu 400 kwa kila kilo ya panya. Kuna kanuni ya kubadili dozi kwenda kwa mtu, FDA wanagawa ya panya kwa 6 na kidogo, kwahiyo mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 4 kila siku, tena za dawa iliyokamuliwa na kukaushwa, sio unga wa majani uliotwangwa na mchanga wake. Muuzaji anakwambia nusu kijiko kwenye uji. Hiyo nusu kijiko imethibitishwa na nani? Choya angalau imefika kwa watu, utafiti mdogo wa Marekani wa 2010, vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, presha ilishuka kidogo, na kidogo maana yake kidogo, haiondoi mtu kwenye 190. Mtu akitaka kutangaza dawa ya presha kwa ushahidi wa panya peke yake, atangaze hivyohivyo, "imejaribiwa kwa panya, kwa watu bado", na apige hiyo kauli kwa sauti ileile anayopigia bei.

Juu ya wanyama wenyewe sitosema mengi. Huu ni mkoa wa Gombe, Jane Goodall alifika hapa 1960, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania sokwe watolewe kwenye maabara, kwahiyo huku ukisema mnyama wa maabara watu wanakutazama. Na nchi hii tuna panya wa SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, wanaonusa TB kwenye makohozi, wanaheshimika kuliko wafanyakazi wengine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo toka 2008. Kama utafiti unafanyika hapa nchini, panya apewe ganzi panapohitajika, wasitumike 60 pale ambapo 20 wanatosha, wala wasitumike 5 pale ambapo jibu linahitaji 20, maana hao 5 watakuwa wamekufa bure.

Sasa ninachoomba kifanyike, na sio kikubwa. Kila dawa mpya ya presha inayoombewa majaribio au usajili Tanzania, wekeni karatasi moja ya wazi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha, iseme ni mnyama gani, dume au jike, chumvi ilikuwepo au haikuwepo, walimpimaje, waliangalia kitu gani zaidi ya presha, mwenye mimba alipewa au hakupewa, na watu weusi waliokwisha kuijaribu ni wangapi na wa wapi. Panapokuwa hapana jibu muandike hapana jibu. Na majaribio kwa watu yakija nchini yasiishie Dar na Moshi kila siku, kuna hospitali ya Maweni hapa, kuna Kitete Tabora, kuna wagonjwa wanaokula chumvi ya kweli na wanaokuja kliniki kwa tarehe zao mkiwaheshimu, mimi mwenyewe nitajiandikisha nikiona hiyo karatasi imejazwa vizuri.

Mama yangu wa 190 tumemrudisha kwenye amlodipine, tumeongea nae sana, kakubali nusu nusu, anauliza kila akija "ile nyingine bado?" Mimi namjibu bado mama, meza hizi. Lakini mimi sio mtu wa kumjibu hilo, ni nyie. Majibu mkiyaandika yapitishwe kwa mganga mkuu wa mkoa yabandikwe ubaoni kliniki, herufi kubwa tafadhali, wengi wetu pale macho nayo yameshaanza kukataa.

Nesi mstaafu, mgonjwa wa presha,
Ujiji, Kigoma